Makaa Yasiyo na Moshi

Wapendwa wa ofisi ya walimu, na nyie majirani mnaonisimamisha sokoni mboga mkononi,

Nimechoka kusimulia kipande kipande. Mmoja kasikia mlima ulilipuka tukakimbia na uji wa moto nyuma yetu. Mwingine kasikia Baba alitumbukia shimoni akatolewa kwa kamba. Fundi viatu wa pale stendi aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba mzee alivuta gesi ya volkano akazimia, kisha akanipa pole. Kuzimia alizimia kweli. Hayo mengine mtayasoma humu kwa mpangilio, tangu mlangoni kwetu hadi mlangoni kwetu. Habari za tiketi na pasi za kusafiria naziruka, maana sijaona mtu aliyeburudika kwa kusimuliwa foleni.

Kwanza mjue kilichotupeleka. Baba yangu alifundisha jiografia shule za msingi miaka thelathini, mingi akiwa Ipelele, kule Makete, ambako baridi inakata masikio. Kila mwaka alichora ubaoni kisiwa kilekile: bahari kwa chaki ya bluu, mlima katikati, moshi juu. Na kila mwaka hakukosekana mtoto wa kunyoosha kidole: "Mwalimu, wewe umewahi kuuona?" Baba alijibu, "Bado." Akastaafu na "bado" yake. Sasa ana miaka sitini na tisa, kifua kimechoka kwa vumbi la chaki, na mwaka huu akatamka mezani kwamba asipokwenda sasa hatakwenda tena. Kisiwa tukakipata: Ngazidja, kule Komoro, chenye Mlima Karthala ambao moto wake haujazimika.

Mama hakukataa. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni, kitenge kichwani, vidole vikibonyeza paji la uso kama kawaida yake ya Juni. "Upendo, mimi huo mlima siujui," akasema. "Huyu mzee unamchukua anapumua. Unirudishie anapumua."

Basi. Mlima ulikuwa wa Baba. Mimi kazi yangu ilikuwa pumzi.

Njombe hadi Makambako

Mnanijua. Mimi ndiye ninayepanga hata mahafali ya shule kwa daftari. Nikafungua daftari jipya, nikaandika kanuni za usalama kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Mimi ni mwalimu wa kemia, gesi za volkano nazijua kwa majina na kwa alama zake. Nilibeba barakoa zenye chujio, maji, dawa za kifua, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, nilichoazima kwa nesi mmoja rafiki yangu. Nilisoma pia kwamba moshi wa volkano ukikukuta ndani ya nyumba, unafunga milango na madirisha. Nikaiandika kama kanuni ya nne: mtu akiumwa kichwa mlimani, ni gesi. Vaa barakoa, funga kila upenyo, msubiri mwongozaji.

Ishikeni hiyo kanuni ya nne.

Tuliondoka asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai. Baba alivaa sweta mbili na koti la suti, na miguuni pake akaweka kiroba cha viazi.

"Baba, viazi vya nini?"

"Utakwenda kwa watu mikono mitupu?"

"Kule ni ng'ambo, Baba."

"Ng'ambo hawali?"

Kanuni zangu kumi na tisa hazikuwa zimegusa viazi.

Makambako, saa tano

Pale Makambako tulitakiwa kuunganisha na basi la Dar. Basi likawa limeharibika njiani likitokea Mbeya, na kila tulipouliza tukaambiwa, "Linakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi ilichukua saa tano nzima. Upepo wa Makambako mnaujua, unakuingia kwenye mifupa na kukaa humo. Tukakimbilia mgahawa wa mama mmoja wa Kikinga, chumba kimoja cha mbao chenye meza mbili. Katikati ya sakafu kuna jiko la mkaa, mlango umefungwa na gunia limesukumwa chini yake kuzuia upepo. Tukasalimiana kamwene, kamwene, tukasogezewa benchi. Jamani, raha! Chai ya rangi, maharage, chapati za moto, na miguu yako karibu na makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo.

Akaingia dereva wa lori, mtu wa Tanga, iko wapi chai. Alikaa dakika kumi hivi, akaanza kutazama jiko, akatazama mlango. Akasimama akaufungua wazi.

"Funga mlango!" tulipiga kelele wote, na mimi nikiwemo.

"Aka! Mtu mzima anafungiwa na moto kama samaki?" akasema. "Mwataka kufa humu?"

"Wewe wa pwani, baridi ndiyo itakayokuua!" mama mwenye mgahawa akamjibu. "Makaa yameiva hayo, unauona moshi hapo?"

"Sisemi moshi. Pale kwetu bandarini walinzi wawili walilala na jiko hivihivi. Hawakuamka."

"Walikuwa wamelewa hao," mzee mmoja akasema, na watu wakacheka. Nami nikacheka. Yule dereva akachukua kikombe chake akaenda kukaa nje juu ya kreti la soda, kola imepandishwa, upepo ukimpiga, na sisi tukamchungulia kwenye upenyo wa mbao tukizidi kucheka.

Baadaye Baba akalalamika kichwa kinamgonga. Nikambana kidude kidoleni. Tisini na saba. Safi kabisa. Nikaandika daftarini: "Makambako, kichwa, uchovu wa safari." Tulipotoka kupanda basi kichwa kikapoa, naye akasema ni upepo umemsaidia. Maneno hayo nayo niliyaandika, kwa mkono wangu, wala hayakunishtua.

Makambako hadi Dar

Njia hii mnaijua wote, sitawachosha. Ila kulikuwa na mama mmoja kiti cha pili, alipanda Mafinga na kapu la machungwa. Kila saa moja aliniona nambana Baba kidole, nasoma, naandika. Tulipofika Mikumi akashindwa kuvumilia.

"Mnampeleka hospitali?"

"Hapana mama, tunampeleka kwenye volkano."

Alinitazama, akamtazama Baba, akarudi kwangu. Nadhani aliona nimechanganyikiwa kwa uchungu. Akamenya chungwa akampa Baba mkononi, akaanza kumwombea palepale, kwa sauti, hadi abiria wa nyuma wakaitikia amina. Baba, Mlutheri wa adabu, akafumba macho na kupokea yote, chungwa na maombi. "Sala haikataliwi," akaninong'oneza. Alikuwa na furaha kama mtoto wa chekechea siku ya ziara.

Mimi sikuwa na furaha. Usiku ule Dar nilisikiliza kifua chake kikikoroma ng'ambo ya ukuta wa nyumba ya wageni, nikahesabu kanuni zangu mara ya pili.

Hewani, na viazi forodhani

Ndege ilichukua muda mfupi kuliko kungoja basi la Makambako. Tulipoteremka, ofisa wa ukaguzi akafungua kiroba. Akatoa kiazi kimoja, bado kina udongo wa Njombe, akakigeuzageuza na kusema maneno mengi ya Kifaransa. Baba akadhani anaulizwa kinavyopikwa.

"Unakichemsha na maganda yake," akamweleza taratibu, kwa sauti ile ya darasani. "Halafu chumvi kidogo. Na maparachichi, kama mnayo."

Ofisa akatikisa kichwa, akaonyesha udongo, akaonyesha pipa. Tulisimama pale muda mrefu sana. Mwishowe kiroba kikaenda pipani, kwa haki yao, udongo wa kigeni unabeba magonjwa ya mimea. Lakini Baba alikitazama kikienda kama anayeagana na mtu. "Sasa tunafika kwa watu mikono mitupu," akasema, na alilirudia neno hilo siku nzima.

Chini ya mlima

Mwongozaji wetu aliitwa Msa, mwanamume wa kama miaka arobaini, mfupi, mwenye vidole vilivyokomaa. Aliwahi kuuza nguo Kariakoo miaka mingi, Kiswahili chake ni cha Dar kabisa. Nilimpenda kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyelisoma daftari langu bila kucheka. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa.

"Dada, hizi nzuri," akasema. "Lakini mlima umetulia, wanaoupima wamesema. Gesi iko juu kabisa kwenye shimo, na huko tukienda nitawaonyesha upepo unavuma wapi. Mimi naogopa vitu viwili tu. Ukungu, mtu akapotea. Na baridi, mzee akalowa."

"Baridi?" Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, sisi tunatoka Njombe!"

Nikacheka na mimi. Baridi! Mtu anamtishia mtu wa Njombe kwa baridi!

Mama yake Msa alitupikia wali wa nazi, samaki wa kukaanga na ndizi za kuchemsha, akakaa pembeni kuhakikisha sahani haibaki na kitu. Baba, aliyezoea ugali na mboga za majani, alikula nazi ile kwa ushujaa. Nyuma ya nyumba mwamba mweusi wa zamani ulioyeyuka ulikuwa umekuja hadi karibu na ukuta, ukaishia pale. Baba akaenda kuupapasa kwa kiganja. Alikaa huko peke yake muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Nilikuwa nauchora mwembamba mno."

Kupanda

Tulianza alfajiri kwa mwendo wa mzee: hatua ishirini, pumzika, kidole, andika. Tisini na tano. Tisini na nne. Mashamba ya migomba yakaisha, msitu ukaanza, miti imevaa kuvu refu la kijani. Mpango ulikuwa tulale kwenye kibanda cha mawe kilicho chini ya kilele, kesho yake asubuhi tumalizie hadi ukingoni mwa shimo.

Kama saa saba mchana mvua ilitukuta. Sijui niielezeje. Haikunyesha, ilimwagwa. Makoti ya mvua yakawa mapambo. Hadi tunafika kibandani Baba alikuwa amelowa hadi soksi, midomo imebadilika rangi, anatetemeka meno yakigongana. Yule aliyesema sisi tunatoka Njombe hakuwa akicheka tena.

Kibanda kilikuwa chumba kimoja, paa la bati, mlango wa mbao na dirisha dogo lisilo na kioo. Msa akawasha jiko dogo la mkaa barazani, akachemsha maji, akampa Baba chai. Akapapasa mablanketi yetu: maji matupu.

"Chini kidogo kuna wafugaji," akasema. "Naenda kuazima mablanketi makavu. Nusu saa. Mvueni nguo mbichi. Na moto ukae hapo nje, barazani. Usiingie ndani."

"Sawa," nikasema.

Nilidhani anaogopea kibanda kuungua. Wallahi sikuwaza kingine. Mtu wa kisiwa, nikajisemea, hajui kutunza moto ndani ya nyumba. Sisi tumezaliwa na jiko chumbani.

Kibandani

Alipopotelea kwenye ukungu, Baba akasema kwa taabu, "Upendo, lete jiko."

"Msa amekataza."

"Yeye anajua baridi? Makaa yameshaiva hayo."

Nikatoka. Nikayatazama makaa kama nilivyofundishwa na Mama, kama alivyofundishwa na bibi: yawe mekundu yote, moshi umekwisha. Yalikuwa mekundu yote. Nikalibeba jiko kwa kitambaa, nikaliweka katikati ya chumba. Dirishani nikabana turubai letu. Mlango nikaufunga, na chini yake nikasukuma taulo, vilevile kama lile gunia la Makambako. Baba akanyoosha mikono juu ya makaa, akatabasamu. "Sasa hapa ni nyumbani," akasema.

Nusu saa ikapita. Msa hajarudi. Saa moja ikapita. Baba aliacha kutetemeka na uso wake ukapata rangi nzuri, nyekundu nyekundu, nikamshukuru Mungu. Halafu akashika kichwa.

"Kinagonga," akasema.

Kichwa, mlimani. Ile kanuni! Nikafunua daftari. Ni gesi. Mlima umeanza, na Msa yuko nje, na sisi tuko hapa peke yetu! Nikamvisha Baba barakoa, nikavaa yangu. Funga kila upenyo. Nikachomoa kanga yangu nikaziba pengo lililokuwa kati ya ukuta na bati, pengo la mwisho lililokuwa likituingizia hewa. Ndiyo, mimi. Kwa mikono hii inayosahihisha mitihani ya watoto wenu.

Baba akatapika ndani ya barakoa. Nikamvua, nikamfuta, nikambana kidude kidoleni. Tisini na saba.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Kwenye njia, akiwa mzima, alisoma tisini na nne. Sasa anatapika, macho yanazunguka, na kidude kinasema tisini na saba! Nikambana kidole kingine. Tisini na saba. Nikajiambia labda ni hofu tu, labda ni nazi ya jana. Nilitaka kusimama nikagundua magoti hayapo. Kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga, polepole, na nikawa sijali sana. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa nimeketi, naona baba yangu ameinama upande mmoja, mdomo wazi, na nawaza kwa utulivu kabisa kwamba acha apumzike.

"Baba," nikaita. Hakuitikia. "Mwalimu!" nikamwita kama wanavyomwita wanafunzi wake. Kimya.

Neno la Mama ndilo lililonifanya nitambae. Anapumua. Unirudishie anapumua. Nilitambaa kuelekea mlangoni nikitaka kumwita Msa. Nikafika kwenye taulo nikashindwa kulivuta. Nikawa napiga mbao kwa kiganja, na sidhani kama kilikuwa kinatoa sauti.

Mlango ukanipiga begani. Msa, na nyuma yake vijana wawili wa wafugaji wenye mablanketi mabegani. Aliona jiko. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Mnataka kufa humu?" akapiga kelele.

Maneno yaleyale. Nikiwa nimelala kizingitini, mvua ikinipiga shavuni, nilimwona yule dereva wa Tanga juu ya kreti lake la soda, kola imepandishwa. Yote nikayaelewa kwa mara moja, na ningependa kuwaambia nililia lakini sikuwa na nguvu hizo. Kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, hutokana na mkaa unaoungua penye hewa haba. Kidato cha tatu. Nimeiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, nikaitungia maswali, nikawapa watoto sifuri kwa kuisahau, kisha nikarudi nyumbani nikaota moto chumbani.

Kushuka

Walimburuta Baba hadi kwenye nyasi. Alikuwa hajui kitu. Msa akaweka sikio puani kwake, na mimi nikamtazama Msa, nikimngoja aseme.

"Anavuta," akasema. "Kidogo."

Walimkunja kwenye mablanketi yale makavu, wakambeba mgongoni kwa zamu, wakishuka kwenye matope yale mbio, mguu peku. Mimi nilishikwa mkono kama mtoto. Katikati ya msitu Baba akaguna. Chini ya msitu akasema neno moja la Kibena nisilolisikia vizuri. Nikamwambia Msa, "Ameongea!" nikawa narudia hivyo tu hadi tukalifikia gari: ameongea, ameongea.

Hospitalini walimwekea oksijeni muda mrefu. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alizungumza Kifaransa na Msa akanitafsiria. Nikamwonyesha kidude changu, nikataka anieleze tisini na saba ilitoka wapi.

"Anasema hiki kinaona damu imebeba mzigo," Msa akasema. "Hakijui ni mzigo gani. Ile hewa ya mkaa nayo kinaihesabu kama oksijeni."

Kisha daktari akauliza swali, na Msa akasita kidogo kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza kwenu mnafanya hivi kila siku?"

"Wakati wa baridi tu," nikajibu.

Kesho yake Baba alikuwa amekaa, anakunywa uji. Nje ya dirisha anga limetakata, mlima wote unaonekana, ila shimo lenyewe liko juu huko, halionekani kutoka chini. Aliutazama kutwa.

"Siku tatu nitakuwa mzima," akasema. "Tunarudi."

"Haturudi, Baba."

"Upendo, nimekuja hadi hapa. Umebaki mwendo wa asubuhi moja!"

"Daktari amekataa. Na mimi nimekataa."

"Wewe umekuwa nani?"

"Niliyeingiza jiko!" nikasema kwa sauti iliyomfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ageuke. "Msa alinikataza nikaingiza. Nikaziba na pengo la mwisho. Nimekuua, Baba, kama siyo watu wa ng'ombe. Sikupandishi tena."

Aliweka kijiko chini. "Mimi ndiye niliyekuambia ulilete," akasema mwishowe. Hatukuongea tena habari ya kupanda. Jioni nilimwona anafuta macho kwa shuka, nikajifanya nalala.

Makambako tena

Tulirudi kwa njia ileile, na basi likatushusha pale Makambako saa za mchana, tungoje gari la Njombe. Upepo uleule. Baba akaelekea kwenye mgahawa uleule kabla sijamzuia. Jiko lilikuwa pale pale, gunia chini ya mlango, watu kama saba wamesogeleana, mama mmoja na mtoto mgongoni. Baba hakukaa. Akausukuma mlango hadi ukagonga ukuta, akausimamia.

"Funga mlango!" wakapiga kelele wote.

"Sifungi," Baba akasema. "Mlitoe hilo jiko."

"Mzee, makaa yameiva!"

"Hata yetu yaliiva."

Wengine wakacheka. Mwenye mgahawa akamtambua, akamwambia mwalimu, kaa basi, unywe chai, baridi imekuchanganya. Baba alieleza kama alivyoeleza viazi forodhani, na walimwelewa kama yule ofisa. Mwishowe mama mwenye mtoto peke yake ndiye aliyetoka, sijui kwa kuamini au kwa heshima ya mvi. Tukakaa naye nje watatu, juu ya makreti ya soda, tukitetemeka. Walikuwa wanatuchungulia kwenye mbao. Niliwasikia wanacheka.

Nyumbani

Njombe tuliingia jioni. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa, hakuna mtu sebuleni. Baba akaita, kamwene, na Mama akaitikia kutoka chumbani kwa sauti ya uchovu. Alikuwa ametuandalia. Kitanda kimetandikwa mablanketi matatu, dirisha limefungwa na kuzibwa kwa kitambaa, na miguuni pa kitanda jiko limejaa makaa mekundu, mazuri, hayana moshi. Mwenyewe amekaa karibu nalo, kitenge kichwani, vidole kwenye paji la uso.

"Karibuni, jamani," akasema. "Nisameheni sikutoka. Kichwa. Si mnakijua kichwa changu cha Juni."

Tunakijua. Tangu niko mdogo tunakijua. Kinaanza na baridi, kinaisha Septemba. Tumekiita presha, tumekiita mawazo, tumekinunulia dawa za kila rangi, na jirani mmoja alikiita kurogwa.

Baba alishika jiko kwa mikono mitupu. Niliona vidole vyake vikishtuka kwa moto lakini hakuliachia, akapita nalo sebuleni, akalitupa uani makaa yakatawanyika kwenye majani yenye umande. Mimi nilikuwa nimeshang'oa kitambaa dirishani. Upepo ukaingia wote.

"Mmeingiwa na nini?" Mama akalalamika. "Mnaniua kwa baridi!"

Hatukumweleza jioni ile. Baba alimfunika mablanketi yote matatu na koti lake la suti juu, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake yenye malengelenge mapajani.

"Haya, na mlima?" Mama akauliza ndani ya mablanketi. "Mliuona?"

"Bado," Baba akasema.

Dirisha lilikaa wazi hadi asubuhi. Nilikuwa naleta chai Mama alipoamka. Alikaa kitandani muda, mkono ukaenda kwenye paji la uso kwa mazoea, ukabaki pale.

"Ajabu," akasema. "Leo hakiumi."